Nusu karanga ilikaa kwenye pafu la Doto siku 37, na mimi nilikuwa najua

#1 Babakulwa

Mwangaluka wakuu. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, tunaishi Igoma, Mwanza. Wakati haya yanatokea walikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Ilikuwa Jumapili jioni, mama yao yuko kwenye mazoezi ya kwaya, mimi nimebaki nao sebuleni naangalia mpira. Nilikuwa nimenunua karanga za kukaanga, zile wanazofunga kwenye karatasi ya daftari la mwanafunzi. Kulwa akaomba, nikampa moja. Doto akalia kwa nini mwenzake kapewa, nikampa na yeye. Pacha mnawajua, ukimpa huyu usipompa yule nyumba haikaliki.

Wakawa wanakimbizana kuzunguka meza, wanacheka. Doto akajikwaa huku anacheka, akakauka. Macho yakamtoka, kikohozi kikavu cha mfululizo, midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Nikamning'iniza kichwa chini, nikampiga mgongoni. Baada ya kama dakika moja akalia. Alipolia nikashusha pumzi. Akanywa maji, akarudi kumkimbiza mwenzake. Nikafagia maganda. Mama yao aliporudi sikumwambia kitu.

Siku ya tatu kikohozi kikaanza. Duka la dawa wakatupa dawa ya maji ya kikohozi. Wiki iliyofuata ikapanda homa, tukaenda zahanati, wakasema nimonia, tukapewa amoksilini. Homa ikashuka, kikohozi kikabaki. Wiki ya tatu tukaenda hospitali moja ya kulipia, sitaitaja. Wakasema pumu, wakampa nebulaiza, wakapiga picha ya kifua. Picha ikasemekana safi. Ile picha ndiyo iliyonifunga mdomo kabisa. Nikajiambia, kama kungekuwa na kitu si kingeonekana?

Kumbe moyoni nilikuwa najua. Kila daktari akiuliza "ilianzaje?", mama yao anajibu "kama mafua tu", na mimi nimesimama pembeni nimebeba Kulwa, kimya.

Usiku mmoja umeme umekatika, watoto wamelala kwenye mkeka kwa sababu ya joto. Nikaweka sikio kifuani kwa Kulwa. Hewa inasikika pande zote mbili, kama upepo unaopita kwenye mwanzi. Nikahamia kwa Doto. Kushoto sawasawa na mwenzake. Kulia ilikuwa kama nimeweka sikio ukutani, halafu mwisho wa pumzi kuna kafilimbi kembamba. Nikarudi kwa Kulwa, nikarudi tena kwa Doto, labda mara sita. Watoto wa tumbo moja, umri mmoja, chakula kimoja. Sikulala.

Siku ya 35 tulienda hospitali nyingine. Tukapokelewa na kijana mmoja, nadhani alikuwa bado kwenye mafunzo kwa vitendo. Alisikiliza kifua muda mrefu, akavua kifaa masikioni akauliza: "Huyu aliwahi kupaliwa na kitu?" Mama Kulwa akasema hapana. Nikasema ndiyo.

Tukaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Bugando siku hiyohiyo. Siku ya 37 asubuhi Doto akapelekwa thieta bila kula wala kunyonya. Wakanieleza kwamba atalazwa kwa kaputi, yaani dawa ya usingizi, watapitisha bomba la chuma lenye taa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, watakivuta kwa koleo nyembamba. Hakuna kisu, hakuna kushona. Nikasaini fomu ya ridhaa. Kwenye benchi pale nje ndipo nilipomweleza mama yake yote, karanga, mpira, maganda niliyofagia. Hakusema neno. Alinipa mfuko wa nguo za mtoto nishike, akaenda kukaa benchi jingine.

Daktari alitoka na kichupa. Nusu karanga. Imevimba, imelainika, rangi ya chai ya maziwa. Kesho yake sauti ya Doto ilikuwa imekwaruza kidogo, siku iliyofuata tukaruhusiwa.

Niliyoyaleta ni haya tu wakuu: mtoto akipaliwa ghafla halafu akatulia, usihesabu kwamba yameisha. Na ukifika kwa daktari taja neno "alipaliwa" hata kama hujaulizwa, hata kama ni wewe uliyempa. Haya mambo ya aibu yalimgharimu mwanangu wiki tano.

#2 Nyakato_Sokoni

Pole mkuu. Nimesoma nikiwa na bakuli la karanga mezani na mtoto wa miaka miwili miguuni. Nimelipandisha juu ya kabati.

#3 Mzee wa Magu

Hongera kwa kuponyesha mtoto. Ila vijana mnapenda kurukia hospitali. Sisi mtoto akikohoa mwezi mzima tunajua ni kimeo kimerefuka, kinagusa koo. Kinakatwa, anapona. Mimi nilikatwa, wadogo zangu wanne walikatwa, tupo.

#4 Babakulwa

Shikamoo mzee. Hilo nalo lilitufika, nimeliruka tu kwenye uzi. Wiki ya nne mama mkwe alikuja kutoka kijijini na ameshazungumza na fundi wa kimeo, kilichobaki ni siku. Sasa mama mkwe unamkatalia vipi uso kwa uso? Nikapita kwa shangazi yake mke wangu, yeye ndiye aliyelisema kwa ustaarabu wao wa kike, likasogezwa wiki moja. Hiyo wiki moja ndiyo iliyomwokoa Doto. Angekatwa kimeo huku karanga iko kifuani, tungekuwa na jeraha kooni na kikohozi palepale.

#5 Tabibu wa Kanda

Nafanya kazi kwenye wodi ya masikio, pua na koo, kwa hiyo naomba nafasi kidogo, itakuwa ndefu.

Kwanza, mzee wangu wa Magu, kimeo ni kinyama cha kawaida, kila mtu anacho, na mtoto akikohoa sana kinavimba na kuonekana kirefu. Yaani kikohozi ndicho kinachokirefusha. Sisi tunawapokea waliokatwa: mtoto anavuja damu tangu alfajiri, anameza, haionekani, anafika amepauka kama karatasi. Wengine huja na maambukizi. Wewe na wadogo zako mlipona, namshukuru Mungu. Wasiopona hawapo hapa kuchangia.

Sasa kuhusu ile picha "safi", maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Eksirei inaona sarafu, msumari, betri. Karanga, harage, punje ya muhindi na vipande vingi vya plastiki haivioni. Kinachoweza kuonekana ni athari zake. Kitu kikikaa kwenye mrija wa pafu hufanya kazi kama valvu ya tairi la baiskeli: mtoto akivuta, mrija unatanuka na hewa inapita, akitoa, mrija unabana na hewa inabaki ndani. Pafu la upande ule linajaa kupita mwenzake. Picha ikipigwa wakati anatoa pumzi, unaweza kuona tofauti. Ikipigwa amevuta, unaweza usione chochote. Kwa hiyo picha nzuri haifuti historia ya kupaliwa. Historia ikiwepo, tunaingia kuangalia, hata kama kifua kinasikika vizuri siku hiyo.

Upande wa kulia si bahati mbaya. Mrija wa kulia ni mpana zaidi na umenyooka kuelekea chini, kitu kikiteleza mara nyingi kinakwenda huko. Na karanga ina ubaya wake: mafuta yake yanawasha ngozi laini ya ndani, panavimba, na yenyewe inalainika. Ikikaa wiki kadhaa inaweza kukatika vipandevipande kwenye koleo.

Kwa nini watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu? Meno ya mbele wanayo ya kumega, magego ya kusaga bado hayajatimia. Wanakula wakikimbia, wakicheka, na kucheka ni kuvuta hewa kwa ghafla. Mwaka 2011 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa wao 98 waliotolewa vitu kwenye njia ya hewa na umio: wengi walikuwa wa miaka miwili kushuka chini, karanga ikiongoza kwenye njia ya hewa na sarafu kwenye umio. Kwa hiyo Babakulwa hukuwa baba wa ajabu. Ulikuwa baba wa kawaida kabisa wa Kanda ya Ziwa.

La mwisho, kumning'iniza mtoto kichwa chini hatufundishi. Akiwa anakohoa kwa nguvu na sauti inatoka, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia: aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kidogo, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua mara tano, rudia. Aliyezidi mwaka, mapigo matano mgongoni, halafu msimame nyuma, ngumi juu ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara tano. Mnapiga kelele ya msaada wakati huohuo. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma.

#6 Sato Mbichi

Doctor umesema ya karanga, sisi wa Kirumba shida yetu miiba. Mimi nauza samaki Mwaloni. Sangara mwiba wake mkubwa unauona, sato unamchambua, lakini ningu ana vimiiba kama sindano za cherehani. Kwetu dawa ni tonge kubwa la ugali, unameza bila kutafuna. Ni sawa kwa mtoto?

#7 Tabibu wa Kanda

Hata kwa mkubwa si sawa. Vimiiba vyembamba mara nyingi vinachoma kwenye findo au mzizi wa ulimi, sehemu ambayo kwa taa na kibanio tunavitoa dakika chache mgonjwa amekaa kwenye kiti. Tonge linaukandamiza uzame, au linaupeleka kwenye umio ambako sasa ni kaputi. Wakati mwingine mwiba umeshashuka na kilichobaki ni mkwaruzo, unahisi kama bado upo, ndiyo maana watu wanasifia ugali. Mtoto akidondosha mate, akikataa kumeza, shingo ikivimba au homa ikipanda, msilale nyumbani.

#8 Mama Sengerema

Naomba na mimi niseme, maana kuna mama anasoma hapa na mtoto wake anakoroma akiwa macho.

Mwanangu wa kwanza alianza kutoa sauti akiwa na wiki mbili. Akivuta pumzi anawika kama jogoo anayejifunza. Akinyonya zaidi, akilia zaidi, akilala chali ndiyo kabisa. Majirani walisema hafiki arobaini. Nilipewa dawa za pumu, nikapewa za kifua, mtoto akapakwa mpaka mafuta ya kondoo. Tulipofika kwa daktari wa koo alipitisha kamera nyembamba kama mrija wa soda kupitia puani, mtoto akiwa mapajani kwangu, ameamka, analia. Kwenye skrini nikaona mwenyewe: nyama za juu ya boksi la sauti zilikuwa laini, akivuta hewa zinaanguka kwa ndani kama pazia kwenye dirisha. Daktari akasema mara nyingi zinakomaa zenyewe kabla ya miaka miwili, wachache ndio wanaohitaji upasuaji, wale wasioongezeka uzito, wanaokatika pumzi au kuwa wa bluu.

Nikawa namnyonyesha kichwa kikiwa juu, napima uzito kila mwezi. Miezi 14 sauti ikaisha. Nilikaa siku kama mbili nasikiliza ukimya.

Wakati ule tulikuwa tunavuka kwa kivuko Busisi, unasubiri foleni na mtoto anawika. Mwaka 2025 daraja limefunguliwa. Nikipita pale bado naangalia upande wa kivuko.

#9 Mchambuzi Huru

Mimi sielewi huruma hii. Hospitali ya kulipia imesema pumu kumbe ni karanga, imepiga picha, imechukua hela. Itaje. Shtaki.

#10 Babakulwa

Nitawashtaki kwa lipi, mkuu? Waliuliza ilianzaje, hawakujibiwa. Ningekuwa nimesema "alipaliwa na karanga" wakanirudisha na dawa ya kikohozi, hapo sawa, ningekuja na jina na risiti.

#11 Binti Ukerewe

Samahani naingilia. Mwanangu ana miaka minne, hana kikohozi, hana homa. Sauti tu imekwaruza, mwezi wa tano sasa, na wiki hizi akipanda ngazi anahema kwa sauti. Hapa kisiwani, hospitali ya Nansio, wameniambia amezidisha kupiga kelele.

Nayo niisubiri ikomae?

#12 Tabibu wa Kanda

Hapana dada, hiyo usisubiri. Ya mwenzako ilianza akiwa mchanga na ikawa inapungua. Ya kwako inaongezeka na imeanza kugusa pumzi. Mtoto anayekwaruza sauti miezi mitano lazima boksi la sauti liangaliwe kwa kamera. Kati ya tunavyovitafuta ni vinundu kama vichwa vya koliflawa vinavyoota kwenye nyuzi za sauti, vinasababishwa na kirusi cha HPV, aina ya 6 na 11, ambacho mtoto anaweza kukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, bila kosa la mtu. Si kansa, lakini vinakua hadi kuziba. Vinatolewa kupitia mdomoni, na vina tabia ya kurudi, kwa hiyo ni safari nyingi. Huenda siyo hicho. Panda meli uje Mwanza wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Akianza kuvuta hewa kwa shida akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

#13 Mama wa Kimya

Binti Ukerewe, nenda. Mimi nilisubiri.

Wangu alifika amebana kiasi kwamba walimtoboa shingoni usiku uleule, akawekewa mrija. Miezi tisa. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba mtoto mwenye mrija shingoni akilia huwezi kusikia. Hewa inatokea chini ya boksi la sauti. Unaona mdomo umefunguka, machozi yanatoka, na nyumba iko kimya. Nililala mkono wangu ukiwa kifuani kwake miezi tisa yote. Nilimfunga kengele ndogo mkononi, ile ya mbuzi, akinihitaji anatikisa.

Makohozi unayanyonya kwa mashine. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo nilikuwa na ile ya kukanyaga kwa mguu, nimejifunza kukanyaga huku nimeshika mpira kwa mkono mmoja. Nyumba yetu iko karibu na ziwa, watoto wote wanaogelea, wa kwangu marufuku hata beseni lenye kina. Maji yakiingia pale shingoni yanakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Alikuwa anakaa juu ya jiwe anaangalia wenzake.

Mrija ulitolewa, tundu likaziba. Sasa anapiga kelele mpaka mwalimu analalamika.

#14 Nyakato_Sokoni

Mama wa Kimya hiyo ya kengele imenikalia vibaya. Mungu akupe maisha marefu.

Doctor nina swali la haraka. Wa kwangu hapendi karanga kumbe, anapenda betri za rimoti, zile bapa za duara. Akimeza je?

#15 Tabibu wa Kanda

Hilo ni baya kuliko karanga. Betri bapa ikikwama kwenye umio inaanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili inaweza kufanya jeraha kubwa. Kwenye picha inafanana na sarafu, ukiangalia vizuri pembeni ina duara mbili, kwa hiyo mwambieni anayepiga picha kwamba mnashuku betri. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja na anameza vizuri, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, lakini safari isisimame kwa ajili ya asali. Msimtapishe. Puani pia, inatoboa ukuta wa katikati. Na ile rimoti ifungeni kwa utepe wa gundi leo.

#16 Mzee wa Magu

Nimesoma yote. Kuna mjukuu hapa anakohoa, tulikuwa tumepanga akatwe kimeo Jumamosi. Nimemuuliza mama yake kama mtoto alipaliwa na kitu. Kanyamaza kwanza. Tutakuja huko Jumatatu, muuguzi wa kuanzia ni yupi?

#17 Tabibu wa Kanda

Mzee, usisubiri Jumatatu. Anzeni leo kituo cha afya cha karibu mpate barua ya rufaa, mama wa mtoto aje mwenyewe aeleze. Asigombezwe kwanza.

#18 Sato Mbichi

Babakulwa, ile karanga iko wapi sasa hivi? Isije ikawa umeila.

#19 Babakulwa

Hahaa. Ipo kwenye kichupa juu ya kabati. Nilitaka kuitupa, Mama Kulwa akakataa. Tulikaa kama wiki mbili tunaongea mambo ya chumvi na kuni tu, sasa hivi tuko sawa.

Juzi mama mkwe alituletea karanga debe zima, mpya, za shamba lake. Hajakaa vizuri kwenye kiti, mwanae ameshatoa kinu. Zimetwangwa zote siku hiyohiyo, hata za kukaanga baadaye hakubakiza. Jana Doto amekula michembe ya viazi vitamu iliyoungwa kwa karanga, sahani mbili, na Kulwa akalia kwa nini mwenzake kaongezwa.

Mzee wa Magu ukifika Igoma nipigie kelele hapa, nakuja stendi.